Namba Iliyotulia

Kituo cha pampu,
3 Machi

Mdogo wangu Waya,

Barua yako niliipokea kwa dereva wa lori, na soksi chafu ulizoficha chini ya mfuko nimeziona pia. Mkeo amezifua huku akicheka. Anakusalimu. Mtoto amenenepa mashavu na sasa tunamwita Bosi, maana akipiga kelele kila mtu anaacha kazi yake na kusimama. Maziwa ya mama bado hayamtoshi, kwa hiyo tunamwongezea ya unga kwenye chupa kama mkunga alivyoelekeza. Ana paji lako la uso, pole yake.

Nina swali la kazini. Ile kompyuta uliyotufungia chumba cha vipimo kabla hujaondoka imeanza kulalamika. Kila asubuhi nikiiwasha linatokea neno kwamba nafasi ya diski imebaki kidogo sana. Saa Sita (mkuu wetu bado hafiki kazini kabla ya mchana, jina halijabadilika) anasema nilifunge hilo neno na kuendelea na kazi. Mimi siwezi. Ni kama kufagia chumba na kuruka pembe moja.

Jana nilikuwa natafuta kitu kwenye dirisha la mafaili, kidole kikabonyeza Ctrl na H kwa pamoja. Ghafla zikajitokeza folda ambazo sijawahi kuziona, zote zina nukta mwanzoni mwa jina na rangi yake imefifia kama nguo iliyoanikwa sana. Kuna .cache, .config, .local, na moja inaitwa .kituo. Nikabonyeza tena, zikapotea. Nikabonyeza tena, zikarudi. Nilikaa hapo nikizifunga na kuzifungua kama mtoto na swichi ya taa.

Nikapanda juu zaidi, hadi pale kila kitu kinapoanzia. Kwenye folda moja huko nikakuta faili lenye ukubwa unaozidi mashine yenyewe mara nyingi. Nikadhani nimemkamata mwizi wa nafasi. Nikajaribu kulifuta, likakataa.

Hizi ni nini, na kwa nini zimefichwa? Mtu hafichi kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe bila sababu. Nijibu kwa lori linalofuata.

Dada yako


Kambini, mlimani,
10 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama baridi imenipanda kichwani. Tunajenga mnara wa simu huku, na sisi wenyewe hatuna simu hata moja inayoshika. Kuna redio ya upepo tu, nayo inasikika makao makuu ya kampuni na si kwingine. Kwa hiyo barua zenu nazisoma mpaka mikunjo inachanika.

Sasa nisikilize vizuri. Lile faili kubwa halipo. Folda uliyoliona ndani yake si kabati, ni kioo: mashine inajionyesha yenyewe inavyofanya kazi, wala hakuna kitu kilichokaa kwenye diski. Shukuru kwamba limekataa. Huko juu usirudi.

Zile zenye nukta zimefichwa ili mtu asizikanyage, siyo kwa sababu ya siri. Ni kama mabomba yaliyo ndani ya ukuta. .cache unaweza kuifuta, ni makombo, mashine itatengeneza mengine. .config iache. .local iache, na ujue kwamba vitu unavyovitupa kwenye pipa la taka la kompyuta vinakaa humo humo, ndiyo maana ukifuta kitu nafasi haiongezeki mpaka umwage pipa. Na ukishamwaga hakuna wa kukuokotea.

.kituo ni yangu. Humo ndimo programu ya vipimo inamosoma imefungwa kwenye bomba gani, kijiti cha kupimia kiko kwenye waya upi, na pampu ya dawa ipige mara ngapi kiwango cha klorini kikishuka. Ni mafaili madogo sana, hayakunyang'anyi nafasi. Dada yangu, nakuomba, hiyo usiiguse.

Mwambie mke wangu nimeomba likizo. Mkuu wa kambi anasema mnara usimame kwanza. Nambusu Bosi kwenye hilo paji.

Waya


Kituo cha pampu,
17 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika na nimeelewa kila neno, hukuwa na haja ya kupiga mstari chini. Tulia. Nilifagia makombo tu, hiyo .cache yako, na kabla ya kufagia nilinakili kila kitu kwenye flashi, unavyonijua. Neno la nafasi ya diski halijatokea tena. Saa Sita alipita, akatazama skrini, akasema kompyuta imekuwa kama mpya. Kwa mtu ambaye hasifu hata chai, hilo ni jambo.

Na kweli imekuwa kama mpya. Unakumbuka namba ya klorini ilivyokuwa inanihangaisha? Asubuhi 0.4, mvua ikinyesha mtoni 0.2, mara 0.6, na mimi nakimbia uani kuisikiliza pampu ya dawa. Tangu usafi ule imetulia. 0.5. Nikifika asubuhi 0.5, nikiondoka 0.5. Pampu yenyewe imepoa, inapiga mara moja moja tu, kama mtu aliyeshiba. Pipa la dawa sasa linadumu. Nadhani mto umesafika baada ya zile mvua kuisha. Yale matone ya kupimia klorini kwa mkono nimeyaweka kabatini, maana Saa Sita anasema kupima mara mbili kitu kimoja ni kukosa kazi.

Mkeo alikuwa anachemsha kila tone la maji ya chupa ya mtoto na kuyasubiri yapoe, na Bosi huku analia mpaka majirani wanagonga. Nikamwambia, wifi, unajichosha bure, maji haya nayapima mimi, na hayajawahi kuwa mazuri kama mwezi huu. Ameacha. Sasa anafungua bomba, anachanganya, mtoto ananyamaza. Amenishukuru kama niliyempa usingizi mkononi.

Mtaani watoto kadhaa wanasumbuliwa na matumbo. Wanasema ni maembe mabichi.

Dada yako


Nyumbani,
23 Machi

Waya,

Nakuandikia kwa haraka, kuna lori la saruji linapanda leo na dereva amekubali kubeba.

Mtoto ameharisha tangu juzi. Usishtuke. Jana tulimpeleka zahanati, mimi na mkeo, na tulikuta benchi zote zimejaa, kina mama wamekaa hadi kwenye ngazi na watoto mgongoni. Tumepewa ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili asikaukiwe, na mkeo anampa kwa kijiko muda wote. Analia, lakini sauti yake imekuwa ndogo. Nilitamani apige zile kelele zake za zamani.

Nesi wa pale ni mwanamke makini. Alikuwa anauliza kila mama maji yake anayatoa wapi. Ilipofika zamu yetu nikamwambia asijisumbue na upande huo, mimi ndiye ninayepima maji ya mji huu, namba iko pale pale tangu mwanzoni mwa mwezi. Akasema ahsante, umenipunguzia kazi, akaacha kuuliza waliokuwa nyuma yetu. Kwa hiyo maji tumeyaondoa kwenye hesabu. Labda ni upepo, labda ni unga wa maziwa. Nimebadilisha kopo.

Mkeo anauliza likizo. Nami nauliza.

Dada yako


Kambini,
22 Machi

Dada,

Barua yako ya tarehe 17 imeletwa leo mchana. Lori linarudi kesho alfajiri. Soma barua hii ukiwa umesimama, na ukimaliza usiketi.

Ulifuta .kituo. Sikuulizi, najua. Ulisema namba imetulia, na namba ya kweli haitulii, Dada. Maji ya mto hayafanani asubuhi na jioni, na kile kijiti kikiwa kinayaonja kweli lazima namba ipande na kushuka. Uliyokuwa ukikimbizana nayo kwa hasira ndiyo iliyokuwa nzima.

Programu ile ikikosa folda yake haisimami wala hailalamiki. Inajifungua kama siku ya kwanza nilipoiweka, kwenye hali ya mazoezi, ile niliyotumia kukufundisha kusoma skrini kabla waya haujafungwa. Inaonyesha namba ya mfano. Mfano ni 0.5. Na pampu ya dawa, ikiwa haiamrishwi na mtu, inarudi kwenye kipigo chake cha chini kabisa ili isikauke. Haijashiba. Haina anayeiambia kitu. Tazama pembe ya chini ya skrini, chini ya saa, kuna neno dogo la kijivu. Lisome.

Kisha toa yale matone kabatini. Chota maji kwenye kichupa, weka matone mawili, tikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, nitukane mpaka uchoke. Yakibaki meupe, funga mlango mkuu wa maji na umwite Saa Sita hata kama ni saa mbili asubuhi.

Kabla ya yote hayo, sasa hivi, mtume mtu nyumbani. Mke wangu achemshe. Mtoto asipewe hata tone la bombani.

Nimemwomba mkuu wa kambi anitumie ujumbe kwa redio. Amekubali. Wao makao makuu watapiga simu kituoni kwenu. Labda ujumbe umekufikia kabla ya karatasi hii. Naomba iwe hivyo.

Waya


Kambini,
23 Machi, alfajiri

Dada,

Naongeza hii kwenye bahasha ileile, lori linapasha injini.

Jibu la redio limekuja. Makao makuu walipiga simu kituoni, wewe hukuwepo, walisema uko na mgonjwa. Aliyepokea ni Saa Sita. Akaambiwa kuna wasiwasi na kipimo cha klorini. Akaenda mwenyewe kwenye skrini akatazama, akarudi kwenye simu akasema kipimo ni 0.5, hakijawahi kuwa kizuri hivyo, na kwamba fundi aliyeko mlimani aache kuwatia watu hofu. Mkuu wa kambi amenisomea hayo kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake habari njema. Wenzangu wamenipiga mabega.

Sina la kumlaumu. Skrini ilimjibu.

Umekwenda na mgonjwa gani?

Kwenye kiti cha abiria cha lori amelazwa mwenzetu aliyevunjika mguu, kwa hiyo nashuka kwa miguu hadi barabara kuu na huko nitaomba msaada wa gari lolote. Mkuu wa kambi anasema nikiondoka nisirudi. Barua itanitangulia. Fanya niliyokuambia.

Waya


Nyumbani,
26 Machi

Mdogo wangu Waya,

Sijui barua hii utaisomea wapi. Nitaiacha kwa mwenye duka wa pale barabara ya mlimani inapoungana na barabara kuu, yule anayekujua, na nyingine kama hii nitampa dereva. Nataka uyajue kabla hujafungua mlango wa nyumba hii.

Barua zako zimefika jana asubuhi, mbili kwa pamoja. Nilizisoma nimesimama.

Niliifuta. Niliifuta hata kabla barua yako ya kwanza haijafika. Baada ya .cache nafasi ilipatikana kidogo, nikapata moyo, nikaona .kituo ina vifaili vidogo visivyofunguliwa tangu uondoke, nikasema hivi ni vya zamani. Nilipoona nafasi haiongezeki nikamwaga na pipa. Wewe ulipoandika usiiguse, tayari haikuwepo, na namba ilikuwa nzuri mbele ya macho yangu, nikaona nikikuambia utahangaika bure huko baridini. Flashi nimeitazama jana. Nilinakili kila kitu nilichokuwa nakiona, na siku ile nilikuwa nimevificha tena vyenye nukta ili visinichanganye. Havimo.

Lile neno lipo. Mazoezi. Nimelitazama wiki zote hizi, nikidhani ni pambo.

Nilitoa matone kabatini. Nilichota kwenye bomba la chumba cha vipimo, nikaweka matone mawili, nikatikisa. Maji yalibaki meupe. Nikamwaga nikachota tena. Nikaenda bomba la uani. Nilipima mpaka kichupa cha matone kikaisha, kama mtu anayegonga nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Saa Sita alikuja mapema baada ya kumpigia. Hakuamini. Hakuwa mkali, alisema tu kwamba labda matone yamezeeka, na labda kijiti kimeota utelezi. Akashuka mwenyewe kwenye bomba, akakifungua kijiti, akakileta mezani kikidondoka maji, akakifuta na upindo wa shati lake mpaka kikakauka. Akakilaza juu ya gazeti. Sote wawili tukageuka kutazama skrini.

0.5.

Alikaa kitini. Baadaye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, hii inapima nini?"

Nikamwambia haipimi kitu. Nikamwambia pia kwamba aliyeifanya iwe hivyo ni mimi.

Hakunitukana. Alifunga mlango mkuu wa maji kwa mikono yake, kisha akachukua kipaza sauti akatoka kwenda mitaani, na muda mrefu nilikuwa namsikia akipita akisema watu wachemshe, wachemshe, wamwage waliyoyahifadhi. Mimi nikaenda zahanati.

Waya, wewe hujui, maana barua yangu ya tarehe 23 imekupita njiani. Mtoto anaumwa. Ni tumbo, kama la watoto wengine wote. Na nilipompeleka, nesi aliuliza juu ya maji, mimi nikamwambia aache. Aliacha kwa sababu ya neno langu. Jana nilimkuta anaandika, nikamwomba aweke kalamu chini, nikamwambia. Aliniuliza tangu lini. Nikamjibu tangu mwanzoni mwa mwezi. Alitazama zile benchi, kisha akaniambia watoto wawili wa mtaa wa juu wamekufa juzi, na wote mama zao walikuwa wakiwapa ile dawa ya unga iliyochanganywa na maji ya bombani, kwa sababu yeye aliwaambia yanafaa. Aliinuka akaanza kumwita mama mmoja mmoja.

Bosi yuko hai. Nakuandikia hilo kwa herufi kubwa moyoni. Wamemtundikia maji ya mshipa tangu jana na leo asubuhi amefungua macho akaniangalia. Daktari anasema tusubiri. Hakusema tusubiri nini.

Nilimwambia mkeo leo, kitandani pale pale, mtoto akiwa katikati yetu. Nilimwambia kila kitu kwa mpangilio: folda, barua zako, namba, na kwamba mimi ndiye niliyemwachisha kuchemsha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alimfunika mtoto miguu, akatazama chupa ya maji niliyokuja nayo kutoka nyumbani, iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Na hayo, wifi," akasema, "umeyapima wewe?"

Nikamwambia nimeyachemsha, nimesimama jikoni mpaka yakatokota, nimeyafunika mwenyewe.

Alinyoosha mkono akaipokea chupa kwa adabu, akasema ahsante. Kisha akatoka nayo nje, nami nikaona kupitia dirishani akiimwaga yote kwenye mchanga, taratibu, akarudi na chupa tupu na kuniomba nimpishe, akamtafute nesi.

Dada yako